Anayeshika Watoto Naye Analima

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema Ephrasia akianza kuongea hata kuku wanahama uwanja. Kwa hiyo mtu kama mimi kusimama na kukiri kwamba alikosea si jambo dogo, na mwaka huu hapa Namswea nilikosea sana. Ngoja niwaambie.

Yote yalianzia kwenye kipande cha mlima. Ni mteremko ulio nyuma ya nyumba yangu, unaanzia kwenye mikahawa na kushuka hadi kijitoni. Ni ardhi ya ukoo wa mume wangu, na kwetu Umatengoni ardhi ya ukoo hailali. Ukiiacha ikaota majani, anapewa mwingine mwenye nguvu. Mimi nilikuwa nimeuacha mteremko ule misimu mitatu. Basi mwanzoni mwa Machi baba mkwe wangu, Mzee Tarsisi, akaja uwanjani kwangu, akakataa kiti, akasema amesubiri vya kutosha. Kama ikifika Jumapili ya Matawi sijachimba ngoro, yale mashimo na matuta yetu ya mlimani, na kupanda maharage, shamba linakwenda kwa shemeji yangu Cleopa. Cleopa mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, anautazama mteremko kama mtu anayechagua godoro dukani.

Nilimjibu Mzee kwa heshima, maana ni mzee. Cleopa sikumjibu. Lakini walipoondoka nilikaa chini pale pale. Mikahawa yangu ni michache. Maharage na mahindi ya mteremko ule ndiyo yalikuwa yanatulisha mimi na binti yangu, na misimu hiyo mitatu tuliishi kwa kuungaunga. Shamba likienda, ningefunga mzigo nirudi kwa kaka yangu Kingerikiti kuomba kona ya kulala, nikiwa na mtoto wa miaka saba mgongoni.

Mgongoni ndiyo, kwa sababu Glorious hatembei. Ana mtindio wa ubongo. Hasemi, na ukimkalisha bila kumshika anaanguka upande. Anachojua ni kucheka, tena kicheko cha kuambukiza, hata padre kimemshinda katikati ya mahubiri. Baba yake, Hyasinti, alituvumilia mpaka mtoto alipofika miaka miwili, kisha akaenda Tunduru kwenye madini. Kabla ya kuondoka alisema kwao mtoto wa namna hii hajawahi kuonekana. Kana kwamba mimi nilimwokota sokoni.

Mwanzo nilikuwa naenda naye shamba. Namlaza kwenye khanga pembeni, nalima, namtupia jicho. Siku moja nikazama kwenye kazi, nilipogeuka siafu walikuwa wamemjaa shingoni. Mtoto alikuwa anaumwa na siafu hatua kumi kutoka nilipo, na hawezi kupiga kelele. Niliwabandua mmoja mmoja huku nalia. Siku ile niliapa sitampeleka shamba tena wala sitamwacha kwa mtu. Nikajifungia naye ndani. Asubuhi kumlisha uji kijiko kwa kijiko, saa nzima. Kumwogesha, kufua, kumnyoosha viungo, halafu uji tena. Kuna siku alimwaga uji mara tatu, nikamfokea mpaka sauti ikakauka, naye akacheka, akidhani nacheza naye. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, na niliyoyawaza pale nyuma ya jiko sitayasema hapa. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa namchukia kila mtu anayetembea na mikono yake mitupu.

Sasa, mteremko kama ule mtu hachimbi peke yake. Kwetu unapika pombe, unatangaza ngokela, majirani wanakuja na majembe yao, mnalima wote, mnakunywa, na wiki nyingine mnakwenda kwa mwenzenu. Nikapika. Nikatangaza Jumapili nje ya kanisa, mlango kwa mlango, sikuruka mtu. Siku yenyewe nikaamka, nikapanga vikombe, nikasubiri. Jua likapanda. Akaja mmoja tu, Cleopa, tena hakubeba jembe. Akanywa vikombe viwili, akasifia pombe ilivyoiva, akasema ni huzuni watu wa siku hizi hawana ushirikiano. Nilimwambia maneno ambayo ilibidi niyapeleke kwenye kitubio, maana ilikuwa Kwaresima.

Nikajiambia basi, nimejua. Wanamwogopa mwanangu. Wanadhani wataambukizwa ugonjwa, au laana, au sijui nini. Nikanuna na kijiji kizima.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya mazoezi. Mara mbili kwa mwezi mtaalamu wa viungo anakuja kwenye ukumbi wa parokia pale Mbinga mjini, na sisi wazazi wenye watoto wa mahitaji maalumu tunakusanyika. Nilikuwa naenda, namfanyisha mtoto mazoezi, naondoka. Sikuwa na habari na mtu. Siku ile nimeketi kwenye benchi, Glorious mapajani, akaja baba mmoja anaitwa Abdulhamid. Ana duka la vitenge pale mjini, babu yake alitoka Kilwa. Binti yake Sumaiya, miaka tisa, ana usonji. Kelele zinamtesa, na kazi yake kutwa ni kupanga vifungo vya nguo kwenye mstari, na ole wako ukigusa kimoja. Abdulhamid ni mtu mstaarabu kupita kiasi. Akaniambia kwa upole, pole mama Glorious, naona umechoka.

Nikamwakia. Nilimwambia pole hailimi. Nilimwambia ninazo pole gunia zima nyumbani, kama anajua pa kuzipeleka azichukue. Mtu wa watu alikuwa kwenye swaumu, siku za mwisho mwisho za Ramadhani, na mimi namfokea mbele ya ukumbi. Halafu nikaangua kilio. Ni kile kilio kibaya, cha mdomo wazi. Na Glorious, jamani, akaanza kucheka.

Hakuna aliyeniambia Mungu ana makusudi yake. Hiyo ndiyo iliyonituliza. Akaja mama mmoja akamchukua Glorious kutoka mapajani kwangu bila kuuliza, akajua mwenyewe pa kumshika shingo. Huyo ni Vitalia, Mnyasa wa Kihagara, anapanda kutoka ziwani na kulala kwa mdogo wake mjini kila siku ya mazoezi ikikaribia. Mwanawe, Elias, ana miaka kumi na mmoja lakini akili yake bado ndogo, na anasalimia kila kiumbe, mpaka mbuzi anawapa shikamoo. Vitalia akaniambia nieleze. Nikaeleza yote: Mzee, Cleopa, siafu, pombe iliyonywewa na mtu mmoja. Wale wazazi wakasogea. Mmoja akasema yeye hajaenda harusini miaka minne. Mwingine akasema anamfungia mwanawe akienda kisimani na moyo unamdunda njia nzima. Kumbe wote tulikuwa tumejifungia, kila mtu kwenye chumba chake.

Vitalia akauliza shamba lina ukubwa gani. Nikasema majembe saba, siku mbili. Akahesabu watu kwa kidole, mmoja mmoja, na Abdulhamid akamhesabu. Tulikuwa wanane.

Nikamwambia asinichekeshe, tukilima wote nani atakuwa na watoto?

"Mmoja wetu atakaa nao, kwa zamu," akasema Vitalia. "Saba wanachimba, mmoja anawashika watoto. Anayeshika watoto naye analima. Asije mtu akahesabu vingine."

Kisha Abdulhamid akauliza kama jembe la ngoro lina mpini mfupi au mrefu, na hapo ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka huku kamasi zinanitoka. Tukakubaliana Jumanne na Jumatano baada ya Idi.

Kulikuwa na tatizo moja sikulisema. Ngoro haichimbwi hivi hivi. Kwanza majani yanafyekwa, yanaachwa yanyauke, halafu yanalazwa kwa mistari inayokatana mpaka mlima mzima unakuwa vyumba vyumba. Hapo ndipo unachimba katikati ya kila chumba na kufukia majani kwa udongo, unabaki na shimo la kushika maji na tuta la kupandia. Kuchimba na kufukia ni kazi ya wanawake. Kufyeka na kulaza majani ni kazi ya mwanamume, na mistari ikipinda, mvua ya kwanza inauondoa udongo wote na kijiji kinakucheka mpaka mavuno. Kufyeka nilifyeka mwenyewe kwa nyengo, alfajiri, kabla Glorious hajaamka. Lakini kulaza majani sikujua.

Jumanne kirikuu, kigari cha mizigo cha dukani kwa Abdulhamid, kikapanda kilima kimejaa majembe, kina mama, watoto, na kapu la usipa wakavu, dagaa wa ziwani, kutoka Kihagara. Mimi nilikuwa nimepika togwa, maana safari hii sikutaka wa kuja kunywa tu. Nikamvuta Abdulhamid pembeni, nikamweleza kwamba hapa mwanamume ni yeye peke yake na majani yanamngoja. Akautazama mlima. Akaniuliza kila chumba kina upana gani. Nikamwambia kama hatua mbili. Akarudi kwenye gari, akatoa ile mita yake ya mbao ya kupimia vitenge.

Nilitaka kufa kwa aibu. Mtu anapima mlima kama doti ya kitenge. Anaweka mita, anatia alama, analaza majani, anasogea, anaweka mita. Na nyuma yake Sumaiya. Mtoto yule aliposhuka garini alikuwa ameziba masikio, lakini alipoona mistari akayaachia. Akaanza kumfuata baba yake, na kila palipopinda anaguna, anavuta majani, hatulii mpaka yamenyooka. Abdulhamid anasema "haya bosi", anarekebisha. Ilipofika saa nne, robo ya mteremko ilikuwa imenyooka kuliko shamba lolote nililowahi kuliona, na shati la mwenye duka limeloa jasho lote.

Zamu ya kwanza ya watoto ilikuwa ya Vitalia. Mimi nikaanza kuchimba, lakini siafu hawajanitoka kichwani, kila nikipiga jembe mara mbili nageuka. Nikamwona Vitalia na yeye anachimba, pale juu pembeni. Nikajiuliza huyu vipi, si tumemwambia ashike watoto. Akachimba kishimo chembamba, kina chake kinafika kifuani mwa mtoto aliyekaa. Akakitandika majani makavu, akaweka khanga juu yake. Akachota majivu kwenye kopo, akayazungusha pembeni yote ili siafu wasipite. Kisha akamchukua Glorious na kumtumbukiza mle, miguu chini, udongo umemshika huku na huku.

Glorious akakaa.

Miaka saba sijawahi kumwona mwanangu amekaa bila mkono wa mtu. Kichwa kilimyumba kidogo, kikatulia. Akatazama mlima. Akawaona watu wanachimba, akamwona Sumaiya na majani yake, akaniona mimi. Nilikuwa nimeliangusha jembe. Vitalia akapaza sauti akaniambia niokote jembe langu, maharage hayajipandi. Nikaokota. Nililima siku ile kama mtu aliyetuliwa gunia la kahawa mgongoni, na nilikuwa na furaha mpaka naogopa.

Jumatano asubuhi jirani yangu Restituta akapita njiani na ndoo ya maji kichwani. Akasimama. Akatazama mistari, akatazama mita ya mbao, akamtazama Glorious amekaa shimoni anacheka. Mimi nikaona hapa ndipo pa kumaliza nongwa yangu. Nikamuuliza kama amekuja kuangalia laana isimwambukize.

Restituta akatua ndoo. Hakupaza sauti.

"Mwaka juzi nilivunjika mkono," akasema. "Watu wote wa upande huu walikuja kunilimia, isipokuwa wewe. Hukutuma hata salamu. Miaka mitatu hujakanyaga ngokela ya mtu, halafu unapika pombe unatuita. Tukasema mama Glorious ametukataa, sasa anatuona vibarua."

Nikamwambia nilikuwa na mtoto.

"Nilijua una mtoto. Nimewahi kusema sijui? Ungekuja naye, ukakaa na wachanga wetu wakati sisi tunalima. Wapo walioogopa, sikufichi. Mimi sikuogopa. Nilikasirika."

Kweli ilikuwa hivyo hivyo. Kwetu mtu asiyefika kwa wenzake haitishi majembe, hata mtoto mdogo analijua hilo, na mimi nililijua. Nililisahau kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu kuwachukia kuliko kuwaomba. Nikamwambia, dada Resti, nisamehe. Akaokota ndoo yake, akaenda zake bila kunijibu. Nikajua nimeharibu. Nusu saa baadaye akarudi na jembe begani na wanawake wanne nyuma yake, akauliza aanzie wapi.

Mpaka saa tisa mchana tulikuwa tumebakiza safu mbili, na maharage yanaingia kwenye matuta. Hapo ndipo Mzee Tarsisi akatokea juu kwenye mikahawa. Amesikia kelele za watu tangu jana. Cleopa yuko naye, amebeba nyengo, eti anakuja kuonyeshwa mipaka.

Kila mtu akaacha kuchimba. Mzee akashuka taratibu kati ya matuta. Akaweka mguu kwenye shimo moja kupima kina, akasogea jingine. Akainama, akachungulia mstari kutoka juu mpaka kijitoni, akafumba jicho moja.

Akauliza majani kayalaza nani.

Abdulhamid akasogea, tope mpaka magotini, mita kwapani. Akatoa shikamoo yake, akasema ni yeye na binti yake. Mzee akaitikia, akamwangalia juu mpaka chini, akamuuliza yeye ni Mmatengo wa wapi.

"Wa dukani, Mzee," Abdulhamid akajibu.

Watu walibana vicheko. Cleopa hakucheka. Akasema hawa ni watu wa kuja, leo wamemlimia, kesho hawapo, na mimi sina cha kuwarudishia kwa sababu sitoki ndani. Mzee akanigeukia. Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama anavyotakiwa kuuliza: haya majembe nitayarudishaje?

Nikamwambia Jumatatu niko kwa Restituta. Mei nashuka Kihagara kupalilia mihogo ya Vitalia. Siku za mnada nitashinda na Sumaiya ili baba yake auze kwa amani. Na wengine wote, kila atakayeniita. Nikasema kote huko nitakwenda na Glorious, na atakayechoka kumwona ageuze uso.

Hapo Mzee akamkumbuka mtoto. Akauliza yuko wapi, na macho yake yakamtafuta chini kwenye khanga, kama alivyomzoea. Nikamwonyesha kwa kidole. Akageuka akamwona amekaa.

Lazima niseme jambo. Mwaka juzi Mzee alisema mbele ya watu kwamba mjukuu huyu hata shikamoo haijui. Hakusema kwa chuki, lakini lile neno lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na tangu siku hiyo sikumpeleka kwake. Sasa akapanda mpaka pale shimoni. Elias, aliyekuwa ameketi pembeni, akampa shikamoo babu, akarudia, akarudia ya tatu, Mzee anaitikia zote. Glorious akawatazama. Akatoa mkono wake mmoja kwenye khanga, ule unaokunja, akauinua polepole kumwelekea babu yake, na akatoa sauti. Haikuwa neno. Ilikuwa pumzi ndefu yenye sauti mbili, kama alivyosikia kwa Elias siku mbili nzima.

Mzee akavua kofia. Akapiga magoti kwenye majivu, magoti yake yakalia, akaushika ule mkono.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mjukuu wangu."

Aliposimama macho yalikuwa mekundu na hakujisumbua kuyaficha. Akamwambia Cleopa arudishe nyengo nyumbani. "Shamba lina watu," akasema. Cleopa akaondoka. Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani Mbinga mjini walivisikia, na Sumaiya akaziba masikio yake, akaenda kunyoosha mstari wa mwisho.

Jumatatu ya Juma Kuu nikamfunga Glorious mgongoni, nikachukua jembe langu na kopo la majivu, nikaenda kwa Restituta. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kuwaomba wanipe dakika chache nimchimbie mtoto mahali pake kabla sijaanza kazi, na nilipanga pia jibu kali kama mtu atanuna.

Nikafika. Pembeni ya shamba, kivulini, shimo lilikuwa limeshachimbwa. Limetandikwa majani makavu, juu yake kitenge kisafi, na majivu yamezungushwa pande zote. Restituta akanipokea jembe, akaliegemeza kwenye mgomba. Wanawake watatu wakaja wakanikabidhi wachanga wao, mmoja baada ya mwingine, na mikono yangu ikajaa.

"Kaa hapa na Glorious," Restituta akaniambia. "Leo unalima huku."